Shahidi Mkweli Anapokosea: Saikolojia Ilivyoingia Mahakamani

Kwa karne nyingi mahakama zilimpima shahidi kwa swali moja: anasema kweli au anadanganya? Kiapo, adhabu ya ushahidi wa uongo na maswali ya dodoso vililenga kumnasa mwongo. Saikolojia ya mahakama, yaani taaluma inayotumia elimu ya akili na tabia za watu katika mambo ya sheria, leo ina kazi nyingi: kupima kama mshtakiwa ana akili timamu, kushauri nani alee watoto wazazi wanapotalikiana, kumtathmini mfungwa kabla hajaachiliwa. Lakini kati ya yote iliyowafunza wanasheria, zito zaidi ni hili: shahidi anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akakosea.

Mwaka 1893, J. McKeen Cattell wa chuo cha Columbia, New York, aliwauliza wanafunzi 56 hali ya hewa ilikuwaje siku kama ile juma lililotangulia. 16 walisema anga lilikuwa jeupe, 12 mvua, 7 theluji, 9 dhoruba. Waliobaki walitaja mawingu au mchanganyiko. Kumbe asubuhi ile theluji ilianguka, na alasiri anga likawa jeupe. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kudanganya.

Mwaka 1901, katika darasa la sheria la Franz von Liszt mjini Berlin, wanafunzi wawili waligombana, mmoja akachomoa bastola, na profesa alipomshika mkono ikalia. Ulikuwa mchezo ulioandaliwa. Wenzao walipotakiwa kueleza walichokiona, hata maelezo yaliyokuwa bora kuliko yote yalikuwa na makosa zaidi ya robo. Makosa yaliongezeka kuanzia pale hofu ilipopanda, na wapo waliopachikwa maneno ilhali hawakufungua kinywa. William Stern, mwanasaikolojia aliyeshirikiana na Liszt, alianzisha jarida la saikolojia ya ushahidi mwaka 1903.

Wanasheria hawakulipokea jambo hili kwa mikono miwili. Mwanasaikolojia Hugo Münsterberg wa Harvard alipochapisha kitabu mwaka 1908 akiwalaumu kwa kuipuuza saikolojia, John Henry Wigmore, bingwa wa sheria ya ushahidi, alimjibu mwaka uliofuata kwa kesi ya kubuni ambamo Münsterberg anashindwa. Wigmore alikuwa na hoja: taaluma ile ilikuwa bado changa, na vipimo vyake havijawa tayari kwa kazi ya mahakama.

Vipimo vilikuja baadaye. Mwaka 1974, wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu 150 filamu ya ajali ya magari. Baadhi waliulizwa mwendo wa magari “yalipogongana”, wengine “yalipopondana”. Baada ya wiki moja waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika kundi la “kupondana”, 16 kati ya 50 walisema ndiyo. Katika lile la “kugongana”, 7. Filamu haikuwa na kioo kilichovunjika.

Majaji wa kwetu waliufikia uangalifu huohuo kwa njia ya sheria. Katika kesi ya mtu aitwaye Waziri Amani, ya mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kwamba ushahidi wa utambuzi wa macho ni dhaifu sana, na kwamba hautoshi mpaka kila uwezekano wa kumfananisha mtu uwe umeondolewa. Ikataka yapimwe: shahidi alimtazama mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga upi, na kama alimfahamu kabla.

Vigezo hivyo vya mahakama ni hazina, lakini vinatumika wakati shahidi tayari yuko kizimbani. Kumbukumbu huanza kuguswa mapema zaidi, kituoni, askari anapoandika maelezo. “Uliona nini?” humwacha shahidi aseme lake. “Uliliona lile panga?” humkabidhi panga ambalo huenda hakuliona. Ndipo elimu hii inapohitajika zaidi, kwa askari wa kawaida kabla ya jaji. Kosa likishaingia pale, kiapo hakiwezi kuling'oa, kwa kuwa shahidi ataapa huku akiamini kila neno.