Majeraha 21 Yasiyoandikwa: Henry Johnson na Vita vya Karatasi

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Mei 1918, katika eneo la Argonne nchini Ufaransa, askari wawili Weusi wa Marekani walikuwa lindoni. Mmoja wao, Henry Johnson, alikuwa mchukuzi wa mizigo katika stesheni ya treni ya Albany, New York, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Rejimenti yao, ya 369, ilikuwa imekabidhiwa kwa Wafaransa, kwa kuwa Wamarekani weupe wengi hawakutaka kupigana bega kwa bega na Weusi. Wajerumani walipowavamia gizani, Johnson alirusha mabomu ya mkono, akapiga risasi mpaka bunduki ikakwama, akaigeuza rungu, kisha akachomoa kisu kirefu cha bolo. Mwenzake, Needham Roberts, alikuwa ameumia vibaya na maadui walikuwa wakimburuta kumfanya mateka. Johnson akamkomboa. Johnson mwenyewe alikutwa na majeraha 21.

Wafaransa hawakungoja, wote wawili wakavishwa nishani ya Croix de Guerre. Serikali ya Marekani nayo ilitumia jina la Johnson kuuza stempu za kuchangia vita. Ajabu ni kwamba alipoachiliwa jeshini mwaka 1919, karatasi zake hazikutaja jeraha hata moja. Mwaka 1927 serikali ilimtambua kuwa mlemavu kabisa, lakini kwa sababu ya kifua kikuu. Alifariki Julai 1929, bado katika miaka ya thelathini, bila nishani yoyote ya nchi yake.

Zama hizo, askari aliyetaka kumbukumbu zake zirekebishwe alihitaji mbunge wa kumpitishia sheria yake peke yake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia maombi yalilielemea Bunge, ndipo sheria ya mwaka 1946 ikaruhusu kuundwa kwa bodi za kiraia za kurekebisha kumbukumbu za wanajeshi. Mwombaji hujaza fomu ya DD 149 ndani ya miaka mitatu tangu agundue kosa, ingawa bodi inaweza kusamehe ucheleweshaji kwa ajili ya haki. Ugumu uko kwenye ushahidi. Bodi huanza kwa kuamini kwamba jalada liko sahihi, na askari ndiye anayepaswa kuthibitisha vinginevyo.

Sasa fikiria jalada lenyewe likiwa jivu. Tarehe 12 Julai 1973 moto ulizuka katika ghala la kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis, ukateketeza majalada kati ya milioni 16 na 18. Karibu asilimia 80 ya kumbukumbu za wanajeshi wa nchi kavu walioachiliwa kati ya 1912 na 1960 zilipotea, wala hazikuwa na nakala. Tangu hapo watunza kumbukumbu huunga vipande kutoka hati za mishahara, daftari za hospitali na taarifa za kila asubuhi za vikosi. Kumdai mzee ushahidi ulioungulia mikononi mwa serikali, kwa maoni yangu, ni kumwonea.

Johnson hakuwa hai kujaza fomu yoyote. Waliompigania ni wakongwe wa vita wa Albany, kwa miongo mingi. Mwaka 1996 alipewa Purple Heart, nishani ya waliojeruhiwa. Mwaka 2002 akapewa Distinguished Service Cross, nishani ya ushujaa. Kaburi lake, ambalo wengi walidhani ni la fukara, likagunduliwa kuwa liko Arlington, makaburi ya heshima ya taifa, limeorodheshwa kwa jina la William Henry Johnson. Hata aliyezikwa kwa heshima alipotezwa na orodha!

Nishani ya juu kabisa ilikwama mpaka ofisi ya Seneta Chuck Schumer ilipopata taarifa ya Mei 1918 ya Jenerali Pershing, kamanda wa majeshi ya Marekani huko Ulaya, iliyosifu pigano lile. Bunge likaondoa kikomo cha muda, na tarehe 2 Juni 2015 Rais Obama akatoa Medal of Honor. Hakukuwa na ndugu wa damu wa kuipokea. Aliipokea sajenti wa Walinzi wa Taifa (National Guard) wa New York.

Wapo vijana wetu wa Afrika Mashariki wanaotumikia jeshi la Marekani leo. Mwenye ndugu huko amhimize aisome DD 214, hati ya kuachiliwa, mstari kwa mstari kabla ya kuondoka kambini, na adai kosa lolote lisahihishwe wakati mashahidi wake bado wako hai.