Kutoka Ubapa hadi Uduara: Usawiri wa Wahusika katika Katuni za Mashujaa wa Ajabu, 1938–1986

Utangulizi

Wasomi wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuwagawa wahusika katika makundi mawili makuu. Wapo wahusika bapa, ambao sifa yao ni moja na haibadiliki tangu mwanzo wa kazi hadi mwisho wake. Na wapo wahusika duara, ambao hukua, hujikanganya, na huweza kumshangaza msomaji bila kupoteza uhalisi wao. Mgawanyo huo ulienezwa na mwandishi wa Uingereza, E. M. Forster, katika mihadhara aliyoitoa Cambridge mwaka 1927 na kuichapisha mwaka huohuo. Katika madarasa ya Afrika Mashariki umetumiwa sana kuhakiki riwaya na tamthilia. Ni nadra kutumiwa kuhakiki katuni, na ni nadra zaidi kutumiwa kwa zile katuni za Marekani ambazo shujaa wake huruka angani na kuzuia risasi kwa kifua. Sababu inaeleweka: utanzu huo hudhaniwa kuwa ndiyo makazi ya asili ya ubapa.

Historia ya utanzu wenyewe haiafiki dhana hiyo. Baina ya mwaka 1938 na katikati ya miaka ya 1980, waandishi wa katuni za mashujaa wa ajabu walijifunza, hatua kwa hatua, namna ya kumpa mhusika urefu, upana na kina. Hoja kuu ya mhadhara huu ni kwamba kina hicho hakikupatikana kwa kumwongezea shujaa matatizo, bali kwa kuuhamisha udhaifu wake kutoka mwilini mwake hadi katika matendo yake mwenyewe. Hoja ya pili inafuatana na ya kwanza: uduara huo haukugawiwa kwa usawa, na miongoni mwa waliocheleweshewa mgawo wao ni wanakijiji wa Kenya.

Kitovu cha Liyongo na jiwe la Superman

Superman alichapishwa kwa mara ya kwanza katika toleo la kwanza la jarida la Action Comics, la Juni 1938. Waliombuni, Jerry Siegel na Joe Shuster, walikuwa vijana wa Cleveland, Ohio, nao waliiuzia kampuni haki zote za mhusika huyo kwa dola 130. Biashara hiyo ina uzito katika uhakiki. Tangu siku ile mhusika akawa mali ya kampuni, akaandikwa na mikono mingi, na faida yake ikategemea asibadilike. Umberto Eco, mwanasemiotiki wa Italia, alilieleza jambo hilo vizuri katika insha yake ya mwaka 1962. Kwa maoni yake, shujaa akioa, akizaa au akizeeka, anakuwa amepiga hatua kuelekea kifo. Kwa hiyo hadithi zake hutungwa katika wakati usiosogea, ambamo kila toleo huanza kana kwamba la jana halikuwapo.

Shujaa asiyeweza kudhurika huchosha haraka. Dawa iliyopatikana ilikuwa kriptonaiti, jiwe linalomdhoofisha Superman kila likaribiapo. Jiwe hilo liliingizwa kwanza katika mchezo wake wa redio mwaka 1943, na katika katuni mwaka 1949. Msomaji wa Kiswahili hataacha kumkumbuka Fumo Liyongo, ambaye katika utenzi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913 hafi kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Kwa juu juu, kitovu na jiwe ni kitu kimoja. Lakini iko tofauti ambayo ndiyo msingi wa mjadala huu. Ili adui wa Liyongo akifikie kile kitovu, ilimlazimu apite kwa mwana wa Liyongo, aliyerubuniwa kwa ahadi ya ndoa. Kitovu ni mahali tu. Njia ya kukifikia ni mapenzi ya baba kwa mwanawe. Jiwe la Superman halina njia ya namna hiyo. Linaweza kuokotwa na mwizi yeyote, nalo hufanya kazi ileile hata kama Superman hampendi mtu na hajawahi kumkosea mtu. Ni udhaifu wa mwili usiofungamana na nafsi, na kwa sababu hiyo haukumpa mhusika kina hata kidogo.

Kanuni ya mwaka 1954

Ubapa huo uliokuwa desturi ya biashara ukapata baadaye nguvu ya kanuni. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alichapisha kitabu kilichodai kwamba katuni zinawaharibu watoto, na kamati ya Seneti ya Marekani ikafanya vikao kuhusu suala hilo. Wachapishaji, kwa kuhofia sheria ya serikali, wakajitungia kanuni yao na chombo cha kuisimamia. Kanuni hiyo iliagiza kwamba wema lazima uushinde uovu katika kila hadithi, kwamba mhalifu asisawiriwe kwa namna ya kumfanya ahurumiwe, na kwamba polisi, mahakimu na viongozi wa serikali wasioneshwe kwa njia itakayowavunjia heshima.

Mtu anaweza kuitetea kanuni hiyo kwa nia njema ya kuwalinda watoto. Hata hivyo, ikisomwa kwa jicho la mhakiki, ni maagizo ya kuandika wahusika bapa: mwema awe mwema mtupu, na mwovu awe mwovu mtupu. Mwandishi aliyetaka kumpa mhusika kina ilimbidi atafute mwanya usiokatazwa. Mwanya huo haukuwa baina ya shujaa na adui wake, bali ndani ya shujaa mwenyewe.

Sauti mbili za Peter Parker

Toleo la 15 la Amazing Fantasy, la Agosti 1962, lililotungwa na Stan Lee na kuchorwa na Steve Ditko, lilimleta Spider-Man. Peter Parker ni mwanafunzi yatima anayelelewa na ami yake Ben na mkewe May. Akiumwa na buibui anapata nguvu, na jambo la kwanza analofanya ni kuzitumia kutafuta fedha na sifa. Siku moja mwizi anampita mbio, naye hanyoshi mkono kumzuia kwa kuwa, aonavyo, hilo si jukumu lake. Baadaye mwizi yuleyule anamuua Ben.

Hapo ndipo udhaifu wa shujaa ulipohama. Peter hana jiwe la kumdhoofisha. Ana siku moja ambayo hawezi kuirudia. Kosa lake halikuwa la uovu, bali la uvivu wa moyo ambao kila msomaji anautambua ndani yake. Aidha, kosa hilo linaeleza kila atakachokifanya baadaye, wala halilipiki, kwani aliyekosewa ni marehemu.

Lugha nayo ilikuwa na mchango wake. Katuni ina nyenzo ambayo jukwaa halinayo kwa urahisi: viputo vya maneno yasemwayo na viputo vya mawazo huwekwa katika picha moja. Superman naye ana sauti mbili, ya kwake na ya Clark Kent, lakini mojawapo ni vazi la kujificha. Sauti mbili za Peter zote ni zake. Akiwa amevaa kinyago huwatania maadui kwa maneno ya haraka na ya dharau. Katika kiputo cha mawazo, palepale, anahofia kodi ya nyumba na afya ya May. Msomaji anasikia rejista mbili kutoka kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja, na katika pengo lililo baina yake anamwona mtu kamili.

Uthibitisho mkali ulikuja katika toleo la 121 la The Amazing Spider-Man, la Juni 1973, lililoandikwa na Gerry Conway. Mpenzi wa Peter, Gwen Stacy, anatupwa kutoka darajani. Peter anamdaka kwa utando wake, lakini binti anapandishwa akiwa maiti. Hadithi inaacha uwezekano kwamba aliyevunja shingo yake ni yule utando wa kumwokoa. Wakati ambao Eco alisema hausogei, hapo ulisogea.

Adui aliyepewa kumbukumbu

Mwaka 1971 kanuni ililegezwa, na baada ya hapo huruma kwa mhalifu haikuwa tena mwiko. Aliyeitumia nafasi hiyo kwa kina zaidi ni Chris Claremont, aliyeandika katuni za X-Men kuanzia mwaka 1975 hadi 1991. Magneto, adui wa kundi hilo, alikuwa tangu mwaka 1963 mtu wa majigambo aliyetaka kuitawala dunia, basi. Katika toleo la 150, la mwaka 1981, anampiga kwa hasira Kitty Pryde, binti mdogo kuliko wote kundini, na kudhani amemuua. Anasimama. Anakumbuka kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtoto Auschwitz, na kwamba aliwaona jamaa zake wakipelekwa kuuawa.

Ni rahisi kudhani kwamba kilichompa Magneto uduara ni yale mateso. Lakini mateso peke yake yangekuwa maelezo ya pembeni tu, na mhusika angebaki bapa mwenye historia ya kusikitisha. Kinachomviringisha ni kwamba kumbukumbu inamjia wakati mkono wake umekwisha kutenda, na anajiona amesimama mahali waliposimama wauaji wa jamaa zake. Kumbukumbu inamhukumu badala ya kumtetea.

Ororo na watu wasio na majina

Mfano wa mwisho unaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwaka 1975 Len Wein na mchoraji Dave Cockrum walimbuni Ororo Munroe, aitwaye Storm, yaani Dhoruba. Katika kurasa zake za kwanza yuko Kenya. Wanakijiji wanamwabudu kama mungu mke na kumwomba mvua, hadi anapofika Profesa Xavier kumweleza kwamba yeye si mungu. Wanakijiji hao hawana majina, hawana kazi wala ugomvi baina yao. Wapo ili wapige magoti.

Mwaka 1976, katika toleo la 102, Claremont alimpa Ororo maisha: mama Mkenya aitwaye N'Dare, baba Mmarekani mpiga picha, nyumba ya Cairo iliyobomolewa kwa mabomu mwaka 1956, na mtoto aliyefukiwa kwenye kifusi kando ya maiti ya mama yake. Tangu hapo mwanamke anayeziamuru tufani huogopa chumba kidogo. Kisha, mwaka 1984, nguvu zake zikaondolewa kwa silaha iliyobuniwa na Forge, mwanamume ambaye Ororo alianza kumpenda kabla hajaijua siri hiyo. Katika toleo la 201, la Januari 1986, akiwa bado hana nguvu, alimshinda Cyclops katika pambano la kugombea uongozi wa kundi. Ikiwa yuko anayeshuku hoja ya mhadhara huu, huu ndio ushahidi wake: shujaa alinyang'anywa kila kilichomfanya wa ajabu, na mhusika akaongezeka.

Lakini wale waliopiga magoti? Katika toleo la 198, la mwaka 1985, Ororo anarudi Afrika na kukutana na binti mjamzito aitwaye Shani na mzee aitwaye Mjnari. Mtoto anazaliwa, mzee anachagua kufa ili idadi ya watu isizidi kile ambacho ardhi inaweza kulisha, na Ororo hawezi kumzuia. Hapo hatimaye mwanakijiji anafanya uamuzi. Hata hivyo, majina yenyewe yanatoa ushahidi. Shani ni neno la Kiswahili, lenye maana ya jambo la kustaajabisha, nalo limemkaa mzazi huyo vizuri. Mjnari, kwa upande mwingine, lina mfuatano wa konsonanti ambao mzungumzaji wa Kiswahili hawezi kuutamka. Na ritifaa ya N'Dare haifanyi kazi yoyote ya kifonolojia, tofauti na ile ya ng', inayotenganisha sauti mbili. Katika jina moja mwandishi alisikiliza. Katika mengine alipamba. Na uamuzi wa mzee, ingawa ni wake, umewekwa hadithini ili umfundishe Ororo. Kina cha mhusika mmoja bado kinalipiwa na ubapa wa wengine.

Hitimisho

Historia hii haidai kwamba kila katuni ni riwaya, wala kwamba ubapa ni aibu. Forster mwenyewe aliwatetea wahusika bapa, kwa kuwa hukumbukwa kwa urahisi. Inachoonesha ni kwamba uduara una kanuni zake hata mahali ambapo watu huruka. Mhusika hupata kina pale jambo alilolitenda, au aliloacha kulitenda, linapomfuata na kumdai. Mtunzi wa Utenzi wa Fumo Liyongo alilijua jambo hilo kwa namna yake, ndiyo maana mkono uliobeba sindano ya shaba ni wa mwana, si wa mgeni.

Vijana wa Afrika Mashariki wanaochora na kuandika katuni leo wamerithi mambo mawili: mbinu iliyokomaa, na kijiji cha watu waliopiga magoti bila majina. Mbinu wanaweza kuitwaa kama ilivyo. Kijiji kinawangoja wakipe majina yanayotamkika, na pamoja na majina, makosa ya kukosea na maamuzi ya kuamua kwa ajili yao wenyewe.