Fahamu Namna Maelekezo ya Sauti Yanavyomwezesha Mwananchi Kutoa Huduma ya Kwanza Migodini na Shuleni

Tarehe 27 Januari, 2025, radi iliwapiga wanafunzi wa Shule ya Sekondari Businda, Wilaya ya Bukombe mkoani Geita. Wanafunzi 7 walipoteza maisha na makumi ya wenzao walijeruhiwa. Oktoba 2018, katika mkoa huo huo, radi iliua wanafunzi 6 wa Shule ya Msingi Emaco Vision. Mkoani Shinyanga, Agosti 2025, watu 25 walifukiwa na kifusi katika mgodi wa Nyandolwa, na kazi ya uokoaji iliendelea kwa siku nyingi.

Vyanzo vya matukio hayo ni tofauti, lakini katika ajali za aina hiyo mtu wa kwanza kumfikia majeruhi kwa kawaida si daktari wala askari wa Zimamoto. Ni mwalimu, mwanafunzi mwenzake, mchimbaji wa duara la jirani au dereva wa bodaboda aliyekuwa akipita. Mara nyingi mtu huyo ana nia ya kusaidia, ila hajui aanze wapi. Maelekezo ya sauti, ama kwa njia ya simu au kwa kifaa maalumu, yamebuniwa kwa ajili yake.

Maana ya maelekezo ya sauti

Maelekezo ya sauti ni utaratibu ambao mtu asiye na taaluma ya tiba huelekezwa kwa maneno, hatua moja baada ya nyingine, huku mikono yake ikifanya kazi. Utaratibu huo una sura tatu. Ya kwanza ni mpokea simu wa dharura anayemwongoza aliyepiga hadi msaada ufike. Mtindo huo ulianza kutumika kwa mpangilio katika eneo la King County, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo ni sehemu ya kawaida ya huduma za dharura katika nchi nyingi. Ya pili ni kifaa cha kushtua moyo kinachozungumza chenyewe mara kinapowashwa. Ya tatu ni maelekezo yaliyorekodiwa na kuhifadhiwa kwenye simu, ambayo husikika hata mahali pasipo na mtandao.

Faida ya sauti ni kwamba haihitaji macho. Mtu anayekandamiza jeraha linalovuja damu hawezi kufungua kijitabu na kusoma. Aidha, mtu aliyepatwa na taharuki husahau hata aliyofundishwa, na sauti tulivu inayomwambia jambo moja kwa wakati humrudisha katika utaratibu.

Kwa nini dakika za mwanzo ni muhimu

Moyo unaposimama, ubongo huanza kudhurika ndani ya dakika chache kwa kukosa hewa ya oksijeni. Pale ambapo moyo umepoteza mpigo wake wa kawaida na unatetemeka bila kusukuma damu, uwezekano wa kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10 kwa kila dakika inayopita bila kukandamiza kifua na kuushtua moyo. Majeruhi mwenye mshipa mkubwa uliokatika naye anaweza kufa kwa kupoteza damu katika muda mfupi kama huo. Hakuna gari la wagonjwa, hata liwe na kasi gani, linaloweza kutoka Geita mjini au Kahama na kufika kwenye machimbo ya ndani kwa dakika tano. Muda huo uko mikononi mwa waliopo.

Kifaa cha kushtua moyo kinavyofanya kazi

Kifaa hiki ni kisanduku kidogo chenye betri, spika na vibandiko viwili vinavyowekwa kifuani. Kinapowashwa, humwelekeza mtumiaji avue nguo za majeruhi sehemu ya kifua, abandike vibandiko kama picha inavyoonesha, kisha watu wote wasimguse majeruhi wakati kifaa kikipima mpigo wa moyo. Iwapo moyo unahitaji kushtuliwa, kifaa husema hivyo na kumtaka mtumiaji abonyeze kitufe. Vifaa vingine hushtua vyenyewe baada ya kutoa tahadhari. Iwapo hauhitaji, kifaa hakitoi mshtuko hata kitufe kikibonyezwa. Kwa sababu hiyo, hofu ya kumuua mtu kwa kutumia kifaa hicho kimakosa haina msingi.

Baada ya hapo kifaa humtaka mtumiaji aendelee kukandamiza kifua, na hupima tena kila baada ya dakika 2. Vingi hutoa pia mlio wa kuongoza kasi ya mikono. Kwa mtu mzima, kasi inayotakiwa ni mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, katikati ya kifua, na kifua kiachwe kirudi juu kabla ya mkandamizo unaofuata. Aliyefunzwa huchanganya mikandamizo 30 na pumzi 2. Asiyefunzwa anashauriwa kukandamiza tu bila kusimama.

Mazingira ya machimbo yanahitaji uangalifu wa ziada. Majeruhi aliyelowa maji au tope anapaswa kuondolewa kwenye dimbwi na kifua chake kukaushwa kabla ya kubandika vibandiko, vinginevyo havitashika.

Aliyepigwa na radi anaweza kuguswa

Ipo dhana kwamba mtu aliyepigwa na radi hubaki na umeme mwilini, hivyo hapaswi kuguswa. Dhana hiyo si kweli, na inaweza kugharimu maisha. Mwili wa binadamu hauhifadhi umeme wa radi. Majeruhi anaweza kuguswa papo hapo.

Radi inaweza kusimamisha moyo na pumzi kwa pamoja. Wakati mwingine moyo huanza kupiga tena wenyewe, lakini pumzi huchelewa kurudi, na moyo husimama mara ya pili kwa kukosa oksijeni. Ndiyo maana, pale watu wengi wanapopigwa kwa wakati mmoja, kanuni ni kuanza na wale wasiopumua, kwa kuwa wanaolia au kujongea wana nafasi kubwa ya kupona. Hapa pumzi za kuokoa zina umuhimu mkubwa sawa na kukandamiza kifua. Mtoa huduma ajihadhari na radi nyingine kwa kumsogeza majeruhi ndani ya jengo pale inapowezekana, na asikae chini ya mti.

Machimboni, usalama wa mwokoaji hutangulia

Ukanda wa dhahabu una kumbukumbu za uokoaji uliofanikiwa. Mwaka 2015, wachimbaji 5 walitolewa wakiwa hai katika mgodi wa Nyangalata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Januari 2017, watu 15 waliokolewa katika mgodi wa RZ mkoani Geita baada ya siku tatu. Mafanikio hayo yalitokana na kazi ya pamoja ya waokoaji, na hakuna kifaa chochote cha sauti kinachoweza kuchukua nafasi yao.

Kwa hiyo, agizo la kwanza katika rekodi yoyote inayotengenezwa kwa ajili ya wachimbaji linapaswa kuwa: usiingie shimoni. Duara lililoporomoka linaweza kuporomoka tena, hasa matimba yanapokuwa yamelegea. Shimo linaweza pia kuwa na hewa yenye sumu itokanayo na moshi wa pampu au wa baruti, au kukosa oksijeni kabisa. Hewa hiyo haionekani, na mtu anayeshuka kumfuata mwenzake huweza kuanguka kabla hajamfikia. Kazi ya walio juu ni kuzima mashine, kuzuia watu wasisogee ukingoni, kuhesabu waliokuwemo na kuita waokoaji.

Maelekezo ya huduma ya kwanza huanza majeruhi anapofikishwa mahali salama. Aliyefukiwa husafishwa udongo mdomoni na puani kwanza. Aliyeanguka kutoka juu hapindwi shingo wala mgongo bila sababu. Kichwa hushikwa kisicheze hadi wataalamu wafike. Aliyebanwa mguu au mkono na jiwe kwa muda mrefu anahitaji wataalamu wawepo kabla jiwe halijaondolewa, kwani kuachiwa ghafla kunaweza kuvuruga mpigo wa moyo.

Kuzuia damu

Ajali za pikipiki na za mashine za karasha huacha majeraha yanayovuja damu nyingi. Hapa maelekezo ni mafupi: weka kitambaa safi juu ya jeraha, kandamiza kwa nguvu kwa mikono miwili, usiachilie ili kuchungulia. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake na kukandamiza zaidi. Iwapo damu ya mkononi au mguuni haizuiliki, mkanda mpana hufungwa sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, mbali na kiungo, ukazwe mpaka damu ikome, na saa ya kufunga iandikwe. Kamba nyembamba au waya haifai kwa kuwa hukata nyama.

Funzo kutoka mfumo wa m-mama

Shinyanga ina uzoefu ambao mikoa mingine imejifunza kwake. Mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, wazazi waliojifungua ndani ya siku 42 na watoto wachanga hadi siku 28 ulianza kwa majaribio Wilaya ya Sengerema mkoani Mwanza na mkoani Shinyanga, kabla ya Rais Samia Suluhu Hassan kuuzindua kitaifa tarehe 6 Aprili, 2022. Mwananchi hupiga namba 115 bila malipo. Mpokea simu huuliza maswali yaliyopangwa, hutambua uzito wa tatizo, kisha huagiza gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa.

Utafiti wa Hali ya Afya na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa vifo vya wajawazito vimepungua hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Kupungua huko kumetokana na hatua nyingi, usafiri wa dharura ukiwa mojawapo.

Funzo kwa huduma ya kwanza ni kwamba mwananchi wa kijijini hupiga simu na kufuata maelekezo pale namba inapokuwa moja, haina gharama, na anayepokea anazungumza lugha anayoielewa. Kifaa chochote cha sauti kitakachopelekwa mgodini au shuleni kinapaswa kupimwa kwa vigezo hivyo.

Lugha na maandalizi

Kifaa kinachozungumza Kiingereza pekee hakiwezi kumsaidia mchimbaji aliyetaharuki. Taasisi inayonunua kifaa inashauriwa kudai sauti ya Kiswahili na, pale isipopatikana, kuweka kadi ya Kiswahili ndani ya kisanduku na kuwazoesha watumiaji. Rekodi za simu zinaweza kuandaliwa pia kwa Kisukuma na lugha nyingine za eneo, kwa sentensi fupi zenye tendo moja moja, baada ya kuhakikiwa na wataalamu wa afya.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuweka vifaa vya huduma ya kwanza mahali pa kazi. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) na Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania hutoa mafunzo. Vikundi vya wachimbaji wadogo, shule na vyama vya bodaboda vinashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Kuteua watu wasiopungua wawili kwa kila zamu na kuwapatia mafunzo ya vitendo. Sauti hukumbusha vizuri zaidi mikono iliyowahi kufanya mazoezi.

2. Kuweka kisanduku cha huduma ya kwanza na kifaa mahali panapojulikana, pasipofungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko kwa mtu mmoja.

3. Kukagua betri na vibandiko kila mwezi, kwani vyote vina tarehe ya mwisho wa matumizi.

4. Kubandika ubaoni namba za dharura, jina la eneo na alama ya njia inayoweza kuelezwa kwa simu.

5. Kutenga mahali penye mtandao wa simu na mtu wa kwenda kuwapokea waokoaji barabarani.

Namba za dharura

Kwa moto na uokoaji, piga 114 Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kwa Polisi, piga 112. Kwa dharura ya mjamzito, mzazi au mtoto mchanga, piga 115. Unapopiga, washa spika ya simu na kuiweka chini karibu na majeruhi ili mikono yote miwili ibaki huru. Taja kwanza mahali ulipo, kisha kilichotokea na idadi ya majeruhi, na usikate simu hadi uambiwe.

Wananchi wanakumbushwa kuwa majeruhi aliye katika hatari anapaswa kuhudumiwa kwanza, wakati fomu ya Polisi PF3 ikifuatiliwa. Hofu ya kuulizwa maswali isiwe sababu ya kumwacha mtu akivuja damu kando ya barabara au mdomoni mwa duara.