Bunduki za Ziada na Kumbukumbu za Kiwanda: Funzo la Springfield M1903

Mwaka 1917 nchini Marekani, baadhi ya bunduki za Springfield M1903 zilipasuka zilipofyatuliwa. Ilibainika kuwa mafundi walikadiria joto la chuma kwa kutazama rangi yake. Jua kali liliwapotosha, chuma kikaungua na kuwa rahisi kuvunjika. Utaratibu ulirekebishwa mwaka 1918, lakini bunduki za awali, zenye namba zilizo chini ya 800,000 kwa kiwanda cha Springfield, hazikuondolewa zote. Nyingine ziliuzwa kwa raia. Civilian Marksmanship Program, inayouza silaha za ziada za jeshi, inashauri zisifyatuliwe. Hivyo, usalama wa uwanja wa shabaha hauanzii kwenye bendera nyekundu, bali kwenye daftari la kiwanda. Serikali inayotoa silaha bila kumbukumbu hizo humkabidhi raia hatari asiyoiona.