Kisima Tulichokibariki: Historia ya Maji ya Kunywa katika Usharika Wetu

Utangulizi

Tunapomshukuru Mungu kwa miaka mia moja ya Injili katika usharika huu, kurasa nyingi za kitabu hiki zinasimulia habari za majengo, kwaya, wachungaji na wainjilisti waliotutangulia. Kamati ya maandalizi iliniomba niandike juu ya jambo lisilo na jiwe la msingi wala picha ukutani, yaani maji tunayokunywa. Nilikubali kwa moyo mzito, kwa kuwa katika historia hii ninayo sehemu yangu ambayo siwezi kujivunia.

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya pili, tunasoma habari za watu wa Yeriko waliomwendea nabii Elisha. Waliusifu mji wao kwa mahali ulipokaa, kisha wakakiri kwamba maji yake yana kasoro. Nimekihubiri kisa hicho mara nyingi, lakini nilichelewa sana kutambua kwamba kinatuhusu. Mgeni wetu kutoka dayosisi atakayesimama uwanjani pa kanisa na kuutazama Mlima Meru, migomba na kahawa, atasema kwamba Bwana ametuweka mahali pazuri, naye atakuwa amesema kweli. Habari ya maji yetu, hata hivyo, inahitaji kuelezwa kwa urefu zaidi.

Mlima na maji yake

Wamisionari wa Leipzig walifika Meru kwa mara ya kwanza mwaka 1896, na mwezi Oktoba mwaka huo Ewald Ovir na Karl Segebrock wakauawa Akeri. Kituo cha kudumu kilianzishwa Nkoaranga mwaka 1902. Kutoka huko mlimani Injili ilishuka polepole kuelekea tambarare, na usharika wetu ni mojawapo ya matunda ya safari hiyo.

Injili iliposhuka, watu nao walishuka, kwa maana ardhi ya juu ilikuwa imejaa. Wazee wetu huko juu walikunywa maji ya vijito na mifereji yaliyotoka msituni. Huku chini walikuta maji ya namna nyingine. Majina ya mahali yanashuhudia kwamba watu wa kale waliyatazama maji kwa makini. Maji ya Chai ni mto uliopewa jina kwa rangi yake, na Engare Nanyuki kwa lugha ya Kimaasai maana yake ni maji mekundu. Lakini waliotoa majina hayo walihukumu kwa macho, na kasoro kubwa ya maji yetu haionekani kwa macho. Haina rangi, haina harufu, na kwa kiasi kinachopatikana huku kwetu mnywaji haitambui kwa ulimi.

Kasoro hiyo ni madini ya floraidi. Meru ni mlima wa volkano, na miamba pamoja na majivu yake vina floraidi nyingi. Maji ya mvua yanapopenya ardhini na kukaa kwa muda mrefu katika miamba hiyo, huyayeyusha madini na kuyabeba. Ndiyo maana chemchemi nyingi za juu, ambako maji hayajasafiri mbali, zina nafuu, na kadiri tunavyoshuka hali huwa mbaya zaidi. Maziwa ya Momella yana floraidi nyingi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja. Katika ukanda wetu wa mashariki ya mlima yamepimwa maji ya mito yenye zaidi ya miligramu 10.

Meno yaliyodhaniwa kuwa urithi

Kwa miaka mingi watu wetu walijua kwamba meno yao yana rangi ya kahawia, na baadhi yake yamemomonyoka. Wengi waliamini kuwa ni urithi wa ukoo. Vijana wetu waliokwenda kusoma mikoa mingine walitambuliwa kwa vinywa vyao kabla hawajataja kwao. Ninawakumbuka wasichana wa kwaya walioimba kwa sauti nzuri huku wameinamisha vichwa, na waliocheka wakiwa wameziba midomo kwa kiganja. Sisi tulidhani ni adabu.

Ulimwengu wa sayansi ulikuwa umekwisha kupata jibu. Mwaka 1931 mkemia Churchill huko Marekani alionyesha kwamba madoa ya namna hiyo kwenye meno yanahusiana na floraidi iliyomo katika maji. Mwaka 1964 madaktari Grech na Latham walichapisha uchunguzi wao kuhusu ugonjwa huo katika kanda ya kaskazini ya Tanganyika. Hivyo ukweli wa vinywa vyetu ulikuwa umekwisha andikwa vitabuni wakati sisi tukiendelea kusema kwamba ni urithi.

Floraidi huharibu meno yanapojijenga ndani ya ufizi, tangu mtoto akiwa mchanga hadi kufikia umri wa miaka minane hivi. Jino likishatoka na doa, hakuna mswaki utakaoliondoa. Kiasi kikiwa kikubwa zaidi na kwa muda mrefu, mifupa nayo hudhurika. Viungo hukakamaa, mgongo hushindwa kuinama, na baadhi ya watoto hupata matege.

Kisima tulichokibariki

Nilipotoka Chuo cha Theolojia Makumira na kuhudumu hapa nikiwa mchungaji kijana, mwishoni mwa miaka ya 1980, akina mama walipanda mlimani alfajiri kwenda kuchota maji chemchemini, na kurudi jua likiwa limekwisha kuwa kali. Baraza la wazee liliomba msaada kwa marafiki wa ng'ambo, nao wakatuitikia kwa upendo. Mkandarasi akachimba kisima kirefu karibu na nyumba ya mchungaji. Maji yalitoka mengi, meupe na ya baridi. Mkandarasi alipima wingi wake tu, akatuambia kwamba ni safi. Hakuna aliyemwuliza usafi huo umepimwaje, nami sikuuliza.

Siku ya ufunguzi nilivaa kanzu na stola, nikasoma Neno, nikakibariki kisima kile mbele ya umati. Akina mama walipiga vigelegele, na walikuwa na haki ya kufurahi. Kwa muda wa miaka kadhaa tulikitaja katika kila taarifa ya usharika kama fahari yetu.

Kisha watoto niliowabatiza miaka ile wakaanza kung'oka meno ya utoto. Bibi mmoja, mzee wa kanisa, alinijia ofisini na wajukuu wake wawili. Aliniomba niwatazame vinywani. Mkubwa, aliyelelewa kwa maji ya chemchemi, alikuwa na meno meupe. Mdogo, aliyezaliwa baada ya kisima, meno yake mapya yalikuwa ya kahawia. Bibi yule hakunilaumu. Aliuliza tu kama watoto wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kutofautiana urithi kiasi hicho. Sikuwa na jibu.

Ilikuwa karibu na wakati ambapo Ngurdoto, jirani kabisa na sisi, palifanyika warsha ya kwanza ya kimataifa juu ya kuzuia madhara ya floraidi na kuiondoa katika maji, mwezi Oktoba 1995. Wataalamu walisafiri kutoka mbali kuja kujadili jambo lililokuwa vinywani mwa waumini wangu. Tukapeleka maji yetu kupimwa. Kipimo kilizidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani mara kadhaa.

Kikao cha baraza kilichofuata ni kigumu kuliko vyote nilivyowahi kuongoza. Wako waliosema kukifunga kisima ni kuwaaibisha wafadhili. Wako waliokumbusha kwamba serikali yenyewe, katika miaka ya 1970, iliruhusu kwa muda hadi miligramu 8 vijijini, kwa kuwa maji mengine hayakuwapo. Akina mama walituuliza kama tunawarudisha kwenye njia ya mlimani. Hatimaye tuliamua kwamba maji ya kisima yatumike kwa kufua, kuosha na ujenzi, na ya kunywa na kupikia, hasa kwa watoto na wajawazito, yatafutwe kwingine. Jumapili iliyofuata nilisimama madhabahuni na kuwaomba radhi waumini.

Paa la kanisa na mkaa wa mifupa

Njia ya kwanza tuliyoipata ilikuwa juu ya vichwa vyetu. Maji ya mvua hayana floraidi ya kutisha, na kanisa letu lina paa kubwa la bati. Tulifunga mifereji, tukajenga tangi, na kila familia yenye mtoto mdogo ikapewa zamu. Kiangazi kirefu, hata hivyo, tangi lilikauka.

Njia ya pili tulijifunza kutoka kituo cha utafiti cha Ngurdoto kilicho chini ya wizara ya maji, nayo ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, kisha husagwa vipande vidogo, huoshwa na kujazwa katika ndoo au pipa ambamo maji hupita taratibu. Madini ya mfupa huikamata floraidi na kuishikilia, kama vile mifupa yetu wenyewe inavyofanya tunapoyanywa maji hayo. Ufundi wote umo katika moto. Mfupa usioiva hutoa maji yenye harufu, na ulioungua hadi kuwa mweupe hupoteza nguvu zake. Unaofaa ni mweusi.

Mkaa wetu wa kwanza ulinuka, na watu wakayamwaga maji. Majirani zetu Waislamu waliuliza kwa haki mifupa ni ya mnyama gani. Tulikwenda nao hadi buchani, wakaridhika, na baadhi yao wakawa wachomaji hodari kuliko sisi. Huko India walibuni njia nyingine ya shabu na chokaa, inayoitwa Nalgonda. Karibu na sisi zaidi, Jimbo Katoliki la Nakuru nchini Kenya limefanya kazi kubwa kwa mkaa wa mifupa. Mwaka 2015 Dkt. Askwar Hilonga wa Arusha alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya uhandisi kwa chujio lake. Tunamshukuru Mungu kwa akili alizowapa watu hawa.

Tuliyojifunza kwa gharama

Ninaandika sehemu hii kwa ajili ya familia nyingi ambazo sasa zinachimba visima vyao nyumbani. Kwanza, kuchemsha maji huua vimelea lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani kwa mvuke, floraidi iliyobaki huwa nzito zaidi. Pili, dawa ya klorini nayo huua vimelea tu. Tatu, magadi tunayotia katika makande na maharage ili yaive upesi mara nyingi huwa na floraidi, na mama anaweza kuyachuja maji yake vizuri kisha akairudisha jikoni.

Nne, kisima chenye floraidi kidogo chaweza kuwa na uchafu wa choo. Hivyo vipimo viwili ni lazima. Cha floraidi huchukuliwa kwa chupa safi ya plastiki. Cha bakteria huchukuliwa kwa chupa iliyotakaswa na maabara, ihifadhiwe kwenye baridi na ifikishwe ndani ya siku moja. Choo kiwe mbali na kisima, hatua zisizopungua mita 30, na mdomo wa kisima ufunikwe. Kipimo kirudiwe, maana maji ya masika si ya kiangazi.

Tano, na hili ndilo tulilolisahau zaidi, mkaa wa mifupa hushiba. Ukishashiba, maji hupita na floraidi yake yote, nayo yataendelea kuwa meupe na matamu. Mwaka huu nilipotembelea mitaa kwa ajili ya makala hii, niliona ndoo za kuchujia ambazo mkaa wake haujabadilishwa kwa miaka. Wenyeji walinikaribisha maji kwa furaha wakiniambia kwamba yamechujwa. Niliyanywa kwa heshima yao, nikarudi nyumbani nikiwa na huzuni ileile ya mwaka 1995.

Hitimisho

Viwango vya maji vya nchi yetu sasa vimefikia miligramu 1.5, na kizazi chetu hakina tena udhuru wa kutojua. Sijutii kwamba tuliomba juu ya kisima kile. Ninajuta kwamba tuliiacha sala ichukue nafasi ya kipimo. Elisha alipofika Yeriko hakuuliza kama maji yanapendeza. Alikwenda hadi kwenye chanzo chake.

Kwa hiyo ninaliomba Baraza la Wazee, tunapoingia karne ya pili, liweke ofisini daftari la maji kando ya kitabu cha ubatizo. Kila mwaka maji ya kanisa, ya shule yetu ya chekechea na ya kila kaya itakayoomba yapimwe, na majibu yaandikwe humo pamoja na tarehe ambayo mkaa ulibadilishwa. Kila tunapoandika jina la mtoto katika kitabu kimoja, tufungue na kile cha pili, tuone mtoto huyo anakwenda kunywa maji gani.

Yule mjukuu mdogo wa bibi sasa ni mama mwenye watoto, naye ni mwalimu wa Shule ya Jumapili katika mtaa wetu mmoja. Watoto wake wana meno meupe. Yeye mwenyewe bado huziba mdomo anapocheka.