Safu ya Lugha: Dinari

Madrasa za Msambweni na Diani, huku Kwale, somo la zaka likifika kwenye nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali inayotolewa zaka, hutajwa dinari 20 za dhahabu na dirhamu 200 za fedha. Ajabu ni kwamba hiyo dinari ilizaliwa fedha. Warumi walianza kufua denarius yapata mwaka 211 kabla ya Kristo, na jina lilitokana na kumi, kwani moja ilibadilishwa kwa vipande 10 vya shaba. Likapitia kwa Wagiriki na Washami hadi kwa Waarabu, wakalivisha dhahabu. Fedha wakaipa dirhamu, jina la Kigiriki nalo.

Biblia ya Kiswahili imeshikilia maana ya kale: dinari ya Kaisari ni ya fedha. Kwa hiyo Kwale hii moja, msikitini dinari ni dhahabu, kanisani ni fedha, na hakuna anayekosea.

Mkusanyaji wa sarafu anayeisaka ya Kirumi aangalie tarehe, maana mwaka 64 baada ya Kristo Kaisari Nero aliipunguzia uzito na usafi. Ya dhahabu imeonekana kwetu: mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kule Pemba, wachimbuaji walikuta dinari chache za makhalifa wa Kifatimiya pamoja na visarafu vya fedha zaidi ya 2,000, vingi vya watawala wa pwani hii hii.