Nani Aliwahesabia Miaka?

Mwaka 1956 mwanamke Mwingereza aitwaye Eileen Fletcher alichapisha maelezo yaliyozua mjadala mkali katika Bunge la Uingereza. Alikuwa amefanya kazi Kenya kwa miezi kadhaa kama ofisa wa urekebishaji wa wafungwa, kisha akajiuzulu. Alisema kwamba katika gereza la Kamiti aliwakuta wasichana wa miaka 11 na 12 wakitumikia kifungo cha maisha na kazi ngumu kwa makosa yaliyohusishwa na Mau Mau.

Serikali haikukana kwamba wasichana wale walikuwa gerezani. Ilichobishia ni umri wao.

Ubishi huo unatufundisha mengi. Vijijini Kenya, watoto wengi wa wakati ule hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Hakimu alimtazama mshtakiwa, au daktari akampima kwa macho, na makisio yao yakaandikwa kana kwamba ni hakika. Sheria haikuruhusu kumnyonga aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo kwa kijana aliyesimama kizimbani, mwaka mmoja ulioongezwa kwa kalamu uliweza kumpeleka kitanzini.

Nyumbani kwao, Wagikuyu walikuwa na hesabu nyingine. Mtu alijulikana kwa rika lake, yaani wale aliotahiriwa nao, na rika lilipewa jina la jambo lililotokea wakati huo. Ndiyo maana mpaka leo wanahistoria huwataja Anake a Forti, vijana waliopita jandoni karibu na mwaka 1940. Mvulana hakuvuka kwa kufikisha siku ya kuzaliwa. Alivushwa na baba yake, na mlezi wake wa jando, na wenzake walioona damu pamoja naye. Asiyevushwa alibaki kihii hata akiota ndevu.

Hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 iliukata mnyororo huo. Tarehe 24 Aprili 1954 wanajeshi na polisi waliizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil. Maelfu walikamatwa na kupelekwa kambini bila kufikishwa mahakamani. Miongoni mwao walikuwamo wavulana waliokwenda mjini kuuza magazeti, kubeba mizigo au kutafuta jamaa. Wakajikuta Manyani pamoja na watu wazima, mahali ambapo mwaka huo huo homa ya matumbo ilizuka na kuua.

Mwaka 1955 wavulana hao walianza kutengwa na kuhamishiwa kambi ya Wamumu, katika nyanda za Mwea. Wamumu ilisifiwa sana. Palikuwa na masomo, useremala, uashi, mpira na nidhamu ya gwaride, na baadhi walitoka na ujuzi uliowapatia kazi. Mmoja wa maofisa wake, Geoffrey Griffin, alianzisha Starehe mwaka 1959 pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu. Sifa hizo si za uongo, na ukilinganisha na Manyani, Wamumu ilikuwa nafuu kubwa.

Lakini wako waliotahiriwa humo humo kambini. Utawala uliokuwa umewafunga baba zao ukakaa katika kiti cha baba. Ukaamua nani sasa ni mtu mzima, na kwamba mtu mzima ni yule anayetii. Kwangu mimi, hili ndilo jeraha lisiloonekana katika ripoti zinazotaja matofali mangapi yalifyatuliwa. Kijana alipewa ufundi na kunyang'anywa watu wa kumvusha.

Na alipoachiliwa, arudi wapi? Tangu mwaka 1954 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehamishwa kwa nguvu kutoka kwenye maboma yao na kukusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na kulindwa na askari. Mashamba yalipimwa na kugawanywa upya huku wenyewe wengi wakiwa kizuizini. Huko, kijana bila shamba hakuoa kwa urahisi, na asiyeoa hakusikilizwa barazani. Kifungo kiliisha kwenye karatasi, kikaendelea katika ujana ulioshindwa kufika utu uzima.

Leo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 53, inasema mtoto asizuiliwe ila njia nyingine zote zikishindikana, kwa muda mfupi kabisa unaofaa, na atengwe na watu wazima. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imepandisha umri wa kubeba hatia ya jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Hizi ni hatua kubwa.

Hata hivyo Wamumu bado ipo, sasa ikiwa shule ya urekebishaji wa wavulana. Mahakama inapomtuma mtoto huko huandika umri wake na muda atakaokaa. Swali linalobaki ni lile lile la mwaka 1955: siku akitoka, ni nani atakuwa langoni kumpokea, na atamwita nani?